Mbega Hapewi Mawaidha

Anayeifuata barabara ya ufukweni ya Diani kuelekea kusini, akayapita mahoteli na maduka mpaka Galu, huona kitu ambacho wageni wengi hukipiga picha kabla hawajakielewa. Juu ya lami, kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule, zimening'inizwa ngazi zilizolazwa. Hayo ni madaraja ya mbega. Yalianza kutundikwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika lililoundwa mwaka 1997 kwa jina la Colobus Trust, ambalo leo huitwa Colobus Conservation, na idadi yake sasa imepita ishirini.

Sababu yake haina fumbo. Lami ilipowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliupasua msitu wa pwani katikati. Mbega wa huku, mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, maisha yake yako juu ya miti. Chini hushuka kwa nadra, na akishuka hana habari na magari. Waliokuwa wakiokota mizoga barabarani wangeweza kusema kwamba mnyama huyu ni mzembe, shauri yake. Hawakusema hivyo. Walitazama anapovukia, wakamtundikia njia palepale.

Chini ya madaraja hayo hupita binadamu. Saa kumi na mbili jioni zamu ya mchana hutoka mahotelini, na barabara hujaa watu wanaorudi makwao Ukunda, Mwabungo na vijiji vya Kinondo. Huyu anasoma ujumbe wa M-Pesa ahakikishe ujira wake umeingia wote. Yule ametega simu sikioni asikilize sauti aliyotumiwa na mgeni wake wa mwaka jana. Binti mmoja ameziba masikio kwa muziki. Pembeni mwa lami mara nyingi pana mchanga mzito na kichaka, na mchangani viatu vya kazi huzama, kwa hiyo wote wanakanyaga ukingo wa lami. Bodaboda inatokea nyuma na abiria wawili na gunia. Tuktuk inasimama ghafla kuchukua mtu. Dereva wa matatu anapiga honi ndefu, na binti wa muziki hasikii.

Huyo hakuna aliyemtundikia kitu. Yeye hupewa mawaidha: mwanangu, tazama mbele, weka hiyo simu mfukoni, mtakufa nyinyi na hizo simu zenu. Akigongwa, waombolezaji watasema ajali haina kinga, kisha mmoja atanong'ona kwamba marehemu alikuwa akichati.

Mnong'ono huo una swali zito ndani yake, swali la dini kabla halijawa la uhandisi. Mja aliyeghafilika, je, kughafilika kwake ni hesabu yake peke yake mbele ya Mungu, au kuna wengine wanaodaiwa kwa ajili yake? Kwa maneno mengine, ni halali kumjengea kinga mtu ambaye angeweza kujikinga kwa kuinua kichwa tu?

Ulimwengu umelijibu swali hili kwa vitendo, na majibu yamegawanyika. Mwaka 2014, mjini Chongqing nchini China, kipande cha njia ya miguu kiligawanywa kwa rangi: upande mmoja wa wenye simu, upande wa pili wa wasio nazo. Watu wengi walisimama kuipiga picha kwa simu zao. Mwaka 2016 mji wa Augsburg, Ujerumani, ulizika taa nyekundu ardhini kwenye vituo viwili vya tramu ili mtu aliyeinamia simu aione hatari bila kuinua shingo. Mapema mwaka huohuo msichana wa miaka 15 alikuwa amegongwa na tramu mjini Munich, akiwa na simu mkononi na muziki masikioni. Mwaka 2017 Bodegraven, mji mdogo wa Uholanzi, nao ulitandaza mstari wa taa kwenye kivuko kilicho karibu na shule.

Honolulu ilikwenda njia nyingine. Kuanzia tarehe 25 Oktoba 2017, mtu anayevuka barabara huku akitazama simu hutozwa faini, dola 15 hadi 35 kwa kosa la kwanza. Mji wa Yamato nchini Japani ulipiga marufuku mwaka 2020 bila faini yoyote, kwa kutegemea kwamba watu wakishaelezwa, inatosha. Kenya yenyewe ina kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016: dereva anayetumia simu gari likitembea hulipa shilingi 2,000, na mtembea kwa miguu anayezuia magari kwa makusudi hulipa 500. Kutembea ukiitazama simu hakumo, na yafaa kusiwemo. Rahisi kukisia askari wa Ukunda angeanzia mifuko ya nani.

Kwa hiyo kuna wanaotaka barabara imfuate binadamu alivyo, na wanaotaka binadamu airekebishe nafsi yake aifuate barabara.

Haki itendeke kwa kundi la pili, kwa sababu lina hoja, na pwani hii ina mizizi mirefu ya hoja hiyo. Luqmani, katika sura ya Qurani yenye jina lake, anamuusia mwanawe awe na wastani katika mwendo wake. Sura ya Al-Furqan inawataja waja wa Mwingi wa Rehema kwa sifa ya kwanza ambayo si sala wala saumu: ni jinsi wanavyotembea ardhini, kwa utulivu. Wapokezi wa habari za Mtume wanasimulia kwamba alipomgeukia mtu aligeuka mwili mzima, wala hakumtupia jicho la pembeni. Na katika hadithi maarufu iliyopokewa na Abu Said al-Khudri, waliotaka kukaa vibarazani waliambiwa kwanza waipe njia haki yake: kuinamisha macho yasitazame ya haramu, kujizuia na udhia, kurudisha salamu. Mtu aliyezama kwenye simu huinamisha macho kweli, ila salamu haziitikii. Galu, mahali ambapo kumpita mzee bila shikamoo au salamu aleikum bado ni habari ya kufikishwa nyumbani, hili si dogo.

Kinachopotea hapo ni hudhuri ya moyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kurasa nyingi kuhusu sala ambayo mwili umo na moyo haumo. Mfaransa Simone Weil, aliyekufa mwaka 1943 akiwa na umri wa miaka 34, alifika karibu na hapohapo kwa njia yake: aliona kwamba umakini usiochanganywa na kitu ndio kiini cha sala. Hawa wawili wangemtazama mpita njia wa leo wakamwona ni mtu aliyekodisha moyo wake. Mwili uko Galu. Moyo uko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako wanagombana kuhusu mchango wa harusi.

Sayansi imelipima jambo hili. Ira Hyman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Washington, nchini Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2010. Walimwendesha mtu aliyevaa nguo za kuchekesha watu, juu ya baiskeli ya gurudumu moja, katikati ya uwanja wa chuo. Baadaye wapita njia waliulizwa kama wamemwona. Miongoni mwa waliokuwa wakizungumza kwenye simu, ni robo tu waliosema ndiyo. Angalia vizuri: watu hao walikuwa wakizungumza, hawakuinamia kioo. Macho yalikuwa wazi na mbele. Mwaka 2021 watafiti wa Japani wakaongeza jambo. Katika kundi la watu wanaokutana na kundi jingine njiani, wachache tu wakitazama simu, mwendo wa kundi zima huvurugika, hata wa wale wasio na simu, kwa sababu kupishana ni mapatano ya kimyakimya na mmoja amejitoa kwenye mapatano.

Basi mwenye simu ana kosa, na anawakosea wengine pia. Khatibu wa Ijumaa anayetaka mada ya dakika kumi hapa ameipata.

Lakini mawaidha yakiishia hapo yatakuwa yameisoma dini nusu. Inasimuliwa kuhusu Khalifa Umar kwamba alihofia nyumbu akijikwaa huko Iraki, Mungu asije akamuuliza yeye, aliyeko Madina, kwa nini hakumsawazishia njia. Masimulizi haya hupendwa na wanasiasa, ambao huyataja wakati wa kampeni na kuyasahau wakati wa zabuni. Uzito wake uko kwenye mnyama aliyechaguliwa. Nyumbu hawezi kuambiwa aangalie anapokanyaga. Umar hakusema nyumbu afundishwe, wala hakusema kujikwaa ni kudra. Alijihesabia deni yeye mwenye dhamana ya njia.

Torati ina mtazamo uleule. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaamriwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari lake, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Anayeanguka kutoka darini bila shaka hakuwa akitazama. Sheria inamjua hivyo na bado inamdai mjenzi. Kitabu cha Kutoka kinamtaja mtu aliyefukua shimo asilifunike, akatumbukia ng'ombe au punda wa mwenzake: mwenye shimo atalipa, wala hakuna anayeuliza punda alikuwa akitazama wapi. Wanazuoni wa fiqhi nao walilijadili kwa kirefu suala la kisima kilichochimbwa kwenye njia ya watu bila idhini, na wakamtwika mchimbaji dhamana ya atakayetumbukia.

Ukizipanga hukumu hizi pamoja, unaona kwamba zina madaftari mawili na hazichanganyi hesabu zake. Daftari la kwanza ni la mtembezi: aliiacha njia bila haki yake, moyo wake haukuwapo, atajibu. La pili ni la mwenye njia: alijenga kitu chenye hatari akategemea kwamba kila apitaye atakuwa macho kila dakika ya maisha yake. Kosa la daftari la kwanza halifuti deni la daftari la pili. Na hakuna dini inayosema adhabu ya kusoma ujumbe wa M-Pesa ni kifo.

Mwezi Oktoba 1997, mwaka uleule lilipoanzishwa shirika la mbega pale Diani, bunge la Sweden lilipitisha sera iliyokuja kujulikana duniani kote, ya kulenga barabara isiyoua hata mtu mmoja. Msingi wake ni huu: binadamu atakosea, na mwili wake una kiasi cha kishindo unachoweza kuhimili, kwa hiyo anayesanifu barabara ndiye mwenye dhamana ya mwisho. Waswidi walifika hapo kwa hesabu za fizikia. Umar alikuwa amefika kwa hofu ya Mungu.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao si la kupuuzwa: ukimtandikia mzembe godoro kila anapoanguka, atajifunza lini? Taa za ardhini za Augsburg zinamwambia kijana aendelee kuinama. Dini yenyewe inafundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo kutegemea. Hapa tunamfungia mtu ngamia wake wakati mikono anayo. Kuhusu taa za ardhini, wanaopinga wana haki. Kinga inayomsubiri mtu ndani ya kioo chake inaukubali utumwa wake na kuupamba. Tena ni ghali, hufa maji ya chumvi yakiingia, na Galu hata taa za juu hazijatosha. Ila ngamia wa mfano huu ana wenyewe wengi. Dereva ana kamba yake, kaunti ina ya kwake, mwenye hoteli anayetoa wafanyakazi mia wakati mmoja gizani ana ya kwake. Mtembezi ndiye mwenye kamba fupi kuliko wote, na ndiye pekee anayetozwa kwa mwili.

Yafaa pia kuitazama simu yenyewe kwa uadilifu. Watembea kwa miguu walikuwa kundi kubwa la wanaokufa barabarani Kenya tangu zamani, kabla M-Pesa haijazinduliwa mwaka 2007, kabla simu ya mkononi haijafika mkononi mwa kibarua. Mwaka 2023 barabara za nchi hii ziliua watu zaidi ya 4,300, na mwaka 2024 zaidi ya 4,700, na waendao kwa miguu bado wanaongoza. Simu imeongeza hatari, sawa. Haikuileta. Inapendwa kulaumiwa kwa kuwa lawama hiyo haigharimu saruji.

Na huku Galu simu si anasa ya njiani. Kibarua wa hoteli huitwa zamuni kwa WhatsApp. Akichelewa kujibu, nafasi imechukuliwa. Muuza madafu hulipwa kwa simu. Usiku, mahali pasipo taa, mwanamke anayetoka kazini huwasha tochi ya simu na kuielekeza nyuma ya miguu yake ili bodaboda imwone. Kifaa kinachomsahaulisha saa kumi na mbili ndicho kinachomlinda saa tatu. Anayemwambia aizime na amwambie pia atembee na nini.

Kilomita chache tu kutoka kwenye fujo hii, ndani ya eneo hilohilo la Galu na Kinondo, kuna mahali ambapo watu wa kila aina hutembea kwa hudhuri kamili bila kupigwa faini. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni haingii kivyake. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huelezwa miiko, hutembezwa na mwenyeji, na hatoki na hata jani. Njia ni nyembamba, mizizi imeinuka, mwanga ni hafifu. Dakika tano ndani yake, hata kijana aliyekuja na simu mkononi anatazama anapokanyaga.

Wazee wa kaya hawakumtegemea kila mgeni aje na moyo uliotulia kutoka kwao. Waliweka kitambaa, lango, mwenyeji na njia inayomlazimisha mtu kupunguza mwendo. Umakini wa mgeni umetengenezwa na mahali. Hapo ndipo mgawanyiko kati ya kurekebisha nafsi na kurekebisha barabara unapoanza kuonekana wa bandia. Barabara pana iliyonyooka inamwambia dereva kanyaga, hata kama kibao kinasema 50. Barabara yenye tuta, kivuko kilichoinuliwa na kona iliyobanwa inamwambia tulia, na yeye anatii kabla hajafikiri. Mwendo ndio mzizi wa yote: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Dereva wa kilomita 30 kwa saa ana nafasi ya kumwona binti wa muziki na kusimama, na akishindwa, kuna uwezekano mkubwa binti ataumia na kupona.

Ndiyo maana katika mjadala huu wa simu, kinga ya kwanza ya mwenye simu haihusu simu kabisa. Ni kupunguza mwendo wa magari pale watu wanapopita, na njia ya miguu iliyo ngumu na tambarare kiasi kwamba mtu hana sababu ya kupanda lami. Kinga hiyo inamfaa aliyezama WhatsApp, na inamfaa mtoto wa madrasa anayekimbiza mpira, bibi asiyesikia vizuri, na mlevi anayetoka disko, ambaye dini haipendi hali yake lakini haikuhalalisha damu yake. Mhandisi hahitaji kujua ni nani kati yao ana udhuru.

Mawaidha yabaki, na yafanywe vizuri zaidi ya yanavyofanywa. Yaanze kwa wenye usukani, maana mwenye bodaboda aliyefunga simu kwenye mkono wa pikipiki akatafuta abiria huku anakwenda ameghafilika kwa gharama ya mwenzake. Kisha yawafikie watembezi, kwa lugha ya haki ya njia na si ya kejeli.

Serikali ya Kaunti ya Kwale na wakala wowote mwenye dhamana ya barabara hii wana kazi ndogo ya kuanzia. Wawatume wahandisi wao watembee kwa miguu kutoka Galu hadi Kinondo, siku ya kazi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, kila mmoja na simu yake mkononi ikiita. Waweke alama kwenye ramani kila mahali walipolazimika kurukia mchangani. Ramani hiyo ipelekwe kwenye bunge la kaunti kabla ya bajeti ijayo kusomwa.